Mavuno, Mto na Krismasi: Desemba Tatu katika Historia ya Rufiji

Desemba haimkuti mkulima wa Kiongoroni na ghala lililojaa. Humkuta na panga, jembe na mbegu, naye amekwisha kuzihesabu pishi za mchele zilizobaki na miezi iliyobaki kabla ya mavuno. Aghalabu hesabu hizo mbili hazilingani. Kiongoroni ni mojawapo ya kata za delta ya Rufiji, ambazo tangu 2016 zimo katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Ni nchi ya mikoko na mikono ya mto, yenye maji yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku, na humo mtumbwi ndio gari. Wakaazi wake walio wengi ni Waislamu. Mtu atakayekwenda huko kutafuta familia iliyoketi mezani mwezi wa Novemba kushukuru kwa mavuno, kisha ikainuka kupamba nyumba kwa ajili ya Krismasi, atarudi mikono mitupu. Hata hivyo, kushukuru kwa chakula na kuitengeneza nyumba kwa ajili ya sikukuu ni mambo yenye historia ndefu katika delta, na historia hiyo inatugusa sisi watu wa visiwani kuliko tunavyopenda kukumbuka.

Tuanze na kalenda, kwani kila sikukuu ya shukrani ina nchi iliyoizaa. Huko Marekani, Rais Abraham Lincoln aliitangaza siku ya shukrani mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, na sheria ya 1941 ikaiweka katika Alhamisi ya nne ya Novemba. Asili yake husimuliwa kuwa ni karamu ya mavuno ya 1621, wahamiaji wa Kiingereza wa Plymouth walipokula pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa nchi ile. Tangu 1970 wapo wazawa wa wenyeji hao wanaokusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza, kwa kuwa wanayakumbuka pia yaliyofuata baada ya karamu. Kwa familia nyingi za Marekani mambo huenda kwa mpango mmoja: mavuno yamo ndani, baridi imebisha hodi, jamaa wamekula pamoja, na mwezi unaofuata ni wa kupamba nyumba. Mpango huo una mantiki yake kaskazini mwa dunia. Katika delta ya Rufiji, Novemba na Desemba ni miezi ya kuutazama udongo.

Makanisa yetu ya Tanzania yalilitambua jambo hili mapema. Sikukuu ya mavuno ya Walutheri au Waanglikana hufuata msimu wa mahali. Waumini hupeleka mahindi, ndizi, kuku na maharage mbele ya madhabahu, kisha mnada hufanyika pale pale, na huonekana mzee akilinunua jogoo lake mwenyewe kwa bei ya mbuzi huku watu wakicheka na kupiga makofi. Hakuna aliyelazimisha shukrani hiyo iangukie Novemba. Delta nayo ina shukrani zake, nazo zimefungwa na maji.

Mpunga wa delta hulimwa katika ardhi ambayo mingi ya mipaka yake na bahari ni ya kudumu kwa mwaka mmoja tu. Sehemu kubwa ya mashamba hayo yalikuwa misitu ya mikoko, na chumvi haijapata kuhama moja kwa moja. Mvua zikinyesha na mto ukafurika, maji matamu huisukuma chumvi kuelekea baharini na kuacha tope lenye rutuba; mto ukipungua, bahari hurudi. Mkulima hufyeka kabla ya mvua, hutia mbegu kuanzia Desemba, na huvuna kiasi cha Juni na Julai. Katikati ya miezi hiyo kuna vita vya kila siku. Kaa hukata miche ikiwa bado michanga. Ndege hushuka kwa makundi punje zinapoanza kujaa. Nguruwe mwitu, ngedere na viboko hawana haja ya kuelezwa.

Kwa sababu hiyo familia huhama. Huko shambani hujengwa dungu, kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu, chenye sakafu ya fito, paa la makuti na ngazi ya kupandia, ili maji yapite chini na jicho lione mbali. Dungu si kilindo cha usiku mmoja. Familia hupika humo, hulala humo, huuguza wagonjwa wake humo, na wapo waliozaliwa humo. Tukiuliza, basi, ni nyumba gani inayotengenezwa na familia ya Kiongoroni mwisho wa mwaka, jibu ni hilo dungu: nguzo zilizooza hubadilishwa, makuti hutandazwa upya, mafiga hupandishwa juu. Mapambo hayamo katika kazi hiyo, ila matarajio yamo, na pengine ni mengi kuliko yale yanayotundikwa juu ya mti wa Krismasi.

Shukrani huja baada ya mavuno, nazo zina kipimo. Sheria ya Kiislamu inataka haki ya mazao itolewe yanapovunwa: mmea ulionyweshwa na mvua au mto bila ya gharama hutolewa sehemu moja katika kumi, na ule ulionyweshwa kwa kuteka maji na taabu hutolewa nusu ya hiyo, mazao yakishatimia wasaq tano. Mpunga wa delta, kwa kuwa unanyweshwa na mbingu na mto, umo katika fungu la kumi. Sioni mahali pengine ambapo wanazuoni walieleza kwa uwazi zaidi kwamba mto wenyewe ni mshirika katika kazi, na kwamba msaada wake una hesabu ya kulipwa kwa maskini. Baada ya hapo ndipo huja wali wa mchele mpya, dua, sadaka kwa ajili ya marehemu, na arusi zilizokuwa zikingoja chakula kipatikane.

Idi zenyewe hazifuati mpunga. Mwaka wa mwezi mwandamo hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka wa jua, kwa hiyo Idi yaweza kuingia ghala likiwa limejaa, na miaka kadhaa baadaye ikaingia ghala likiwa tupu. Mwisho wa Desemba 2000, Idi el-Fitri iliandama siku mbili tatu tu baada ya Krismasi, na nchi nzima ikapumzika kwa pamoja. Katika delta sikukuu hizo mbili ziliangukia majira ya kupanda.

Krismasi, kwa upande wake, haikuingia delta kama sikukuu ya familia. Mara ya kwanza tunapoweza kuiona karibu na Rufiji katika maandishi ni 1873, nayo imefungamana na Unguja kwa namna inayotisha. Tarehe 5 Juni mwaka huo Sayyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kuufunga mnada wa watumwa na kuzuia wasisafirishwe kwa bahari. Kiwanja cha mnada wa Mkunazini kikaingia mikononi mwa misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu, na siku ya Krismasi ya 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyeliweka ni Kapteni Prideaux, kaimu balozi wa Uingereza. Kanisa hilo, ambalo ujenzi wake ulisimamiwa na Askofu Edward Steere, yule yule aliyeshughulika sana na sarufi na tafsiri za Kiswahili, lilifanyiwa ibada ya kwanza siku ya Krismasi ya 1877, kabla ujenzi haujakamilika.

Hiyo ni nusu ya habari, na ndiyo inayosimuliwa kwa wageni. Nusu ya pili iko bara. Bahari ilipozibwa, wafanyabiashara wa Kilwa waliwageuza watumwa wao wakawaendesha kwa miguu kuelekea kaskazini, kwa njia ya pwani inayovuka Rufiji. Mwezi huo huo wa Desemba, Frederic Elton, ofisa wa ubalozi wa Uingereza, alikuwa akiipita njia hiyo kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, akiandika anayoyaona. Baina ya tarehe 21 Desemba 1873 na 20 Januari 1874 alihesabu watumwa 4,096 waliopitishwa. Barua zake alimpelekea Kapteni Prideaux.

Tuzitazame tarehe hizo kwa makini. Katika wiki ile ile ambayo Prideaux alisimama Mkunazini na mwiko wa mwashi kuadhimisha mwisho wa mnada, msaidizi wake alikuwa Rufiji akihesabu watu waliofungwa, wakivuka mto katika majira ambayo wenyeji wa bonde walikuwa wakitia mbegu. Simshutumu Prideaux kwa unafiki. Barua zilichukua siku nyingi kufika, na mkataba ulikuwa wa kweli. Lakini historia ya mji wetu ikitaja jiwe bila ya kutaja njia, inakuwa imesimulia shukrani na kumwacha aliyezilipia.

Na familia je? Mnamo miaka hiyo misheni ilinunua shamba la Mbweni, kusini ya mji, ikawaweka humo watu waliokombolewa katika majahazi. Kila mtu alitoka kwake: Myao, Mnyasa, Mmakua, na wengine waliochukuliwa wangali wadogo hata hawakujua jina la kijiji chao. Wakaozeshwa, wakapewa nyumba na viwanja, watoto wakapelekwa skuli. Kiungani ilikuwa ya wavulana, na skuli ya wasichana ya Mbweni iliongozwa kwa miaka mingi na Bibi Caroline Thackeray. Cecil Majaliwa, Myao aliyefikishwa Unguja utumwani na akasomeshwa na misheni, alipewa upadri mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo. Hizo ni miongoni mwa familia za mwanzo zilizosherehekea Krismasi majumbani mwao katika Unguja kwa lugha ya Kiswahili. Zilikuwa familia zilizounganishwa upya, vipande kwa vipande, baada ya kuvunjwa. Na wengi wa watu wake, kama si kwa merikebu ya doria, wangekuwa wamepita kwa njia ile ya Rufiji au wamefia kando yake. Mpwa na mjomba, bibi na mjukuu, wote hao ilibidi watafutwe miongoni mwa majirani. Nadhani hiyo ndiyo sababu ujamaa wa ubatizo ulichukuliwa kwa uzito mkubwa Mbweni: wasimamizi wa ubatizo walishika nafasi ya ukoo uliopotea.

Rufiji iliingia katika nyumba zetu kwa mlango mwingine pia, na huu hauna haja ya kumbukumbu za ubalozi. Mtu ainue macho tu. Dari za nyumba za mawe za Mji Mkongwe zimelala juu ya boriti za mikoko, na delta ya Rufiji, yenye zaidi ya hekta 50,000 za misitu hiyo, ilikuwa ghala kuu la boriti kwa Unguja na kwa nchi za Ghuba zisizo na miti. Majahazi yalipanda na msimu, yakapakia boriti, nguzo na pau, yakaondoka na upepo wa kusi. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu hiyo: upana wa chumba ni urefu wa boriti, toa unene wa kuta. Watu wanapopaka chokaa kabla ya sikukuu, iwe Idi au Krismasi, wakatoa mazulia nje na kufuta vumbi la dari, wanafuta vumbi la mti uliokatwa na mkono wa mtu wa delta, akiwa amesimama katika tope hadi magotini. Mkono huo haukutajwa katika hati yoyote ya nyumba niliyopata kuiona.

Krismasi ya pili ya delta ni ya 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka huo manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoongozwa na Max Looff, ilishambulia asubuhi bandari ya Unguja na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga kwa matengenezo. Baadhi ya mabaharia wake waliokufa wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mkabala na mji. Mitambo ya Königsberg nayo ikaharibika, ikajificha ndani ya Rufiji, karibu na Salale. Vyuma vilivyovunjika vilikokotwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa. Waliovikokota ni maelfu ya vibarua Waafrika. Mwisho wa Oktoba manowari ya Kiingereza Chatham iliigundua, na mwezi uliofuata milango ya mto ikalindwa.

Basi mabaharia hao walisherehekea Krismasi yao katikati ya mikoko, kati ya mbu na homa, wakilindwa na adui aliye nje na tope lililo ndani. Ipo hadithi, nayo husimuliwa kwa namna mbalimbali, kwamba katika sikukuu hizo za mwisho wa mwaka Waingereza waliwapelekea salamu kwa simu ya upepo, wakiwatakia heri na kusema kwamba wanatumaini kuonana nao karibuni; Wajerumani wakajibu kwa shukrani kwamba mwenye kutaka kuwaona atawakuta nyumbani wakati wote. Waandishi wa Ulaya huipenda hadithi hii kwa sababu ya ucheshi na uungwana wake. Mimi huniacha na swali kuhusu neno moja, nalo ni nyumbani. Salale ilikuwa nyumbani kwa watu, na watu hao hawakuwamo katika mazungumzo. Kipindi kile kilikuwa cha kupanda mpunga, na vijiji vya delta vilikuwa vimejaa askari, mahandaki na mizinga, kwa ajili ya ugomvi ulioanzia Ulaya.

Mwisho wake unajulikana. Mafia ilitekwa na Waingereza Januari 1915 ikawa kituo cha ndege zao. Julai zikaletwa Severn na Mersey, manowari za kina kifupi zenye mizinga mikubwa. Tarehe 11 Julai Looff aliizamisha meli yake kwa mkono wake. Hata hapo kazi ya wenyeji haikwisha, kwa kuwa mizinga kumi ya Königsberg ilitolewa majini ikavutwa nchi kavu, ikapigana kwa miaka miwili zaidi. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na watoto hupigia picha juu yake.

Siku hizi Wakristo wako delta na Kibiti, wengi wao wakiwa walimu, wauguzi, maofisa wa misitu na wafanyabiashara waliotoka bara. Ifikapo katikati ya Desemba wengi hufunga safari. Wachaga hutaniwa nchi nzima kwamba huenda Moshi kuhesabiwa. Huko nyumba husafishwa, majani hufyekwa hadi makaburini, mbege hupikwa, na mnyama huchinjwa mbele ya ukoo. Mwalimu wa delta anayevuka kwa mashua hadi Nyamisati ili apande basi huwapita wazee wa wanafunzi wake nao wakihama, wao wakielekea madunguni. Wote wawili wanakwenda kutengeneza nyumba. Sijui kama wamewahi kuambiana hivyo.

Kuhamahama huko baina ya nyumba ya juu na nyumba ya majini kuliwahi kuonekana na serikali kuwa ni tatizo la kutatuliwa. Baada ya mafuriko ya 1968, watu wa bonde la Rufiji walihamishiwa nyanda za juu kwa ile iliyoitwa Operesheni Rufiji, iliyotangulia operesheni za vijiji za mikoa mingine. Shabaha ilikuwa skuli, zahanati na usalama, na kwa hayo watu walipata faida. Lakini udongo wenye rutuba haukuhama pamoja nao. Waliendelea kushuka kulima na kulala madunguni, wakawa na nyumba mbili badala ya moja, na mzigo wa umbali ukawaangukia zaidi wanawake.

Desemba ya tatu ni ya juzi. Tarehe 22 Desemba 2022, siku tatu kabla ya Krismasi, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ujazaji wa maji katika Bwawa la Julius Nyerere, kwenye korongo la mto Rufiji lililoitwa Stiegler tangu zama za Wajerumani. Uwezo wake ni megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024. Hapana shaka kwamba nchi ilihitaji umeme huo. Mradi wenyewe ulikuwa ndoto ya Mwalimu Nyerere. Swali la delta ni jingine. Maji yanayozuiwa ndiyo yale yanayoisukuma chumvi, na tope linalotuama nyuma ya ukuta ndilo lililokuwa likirutubisha mpunga na kuilea mikoko.

Kisha, Aprili 2024, maji yalikuja mengi kupita kiasi. Mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mpunga uliotiwa Desemba ukiwa haujafikia kuvunwa. Serikali ilieleza kwamba mvua zilizidi, na kwamba bwawa lilikuwa limepunguza makali ya mto. Bondeni, wengi waliyahusisha maji hayo na kufunguliwa kwa milango ya bwawa. Wataalamu wataendelea kulijadili hilo. Kwa familia iliyokuwa dunguni, jambo lenyewe lilikuwa kwamba mwaka ule hapakuwa na fungu la kumi la kutoa.

Mwenye kujenga dungu hukata nguzo zake kwa kukisia maji anayoyatarajia. Zamani alitazama mvua na mto na kuwauliza wazee. Sasa yampasa kujua pia ni milango mingapi ya bwawa itakayofunguliwa masika, na habari hiyo hutoka ofisini, mwendo wa siku nzima kutoka Kiongoroni.